Harufu ya Jiko la Nabuyonga

Zaituni mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Nimekusikia sasa hivi ukicheka na wenzako kule getini, na kicheko chako kimefika mpaka huku jikoni. Wanakuaga kwa soda na chapati, na nawajua, hawatakuachia mapema. Nimefunga hoteli kabla ya wakati wake, wateja nimewaambia leo wakale kwingine, nimekaa kwenye benchi lao na kalamu mkononi. Baba yako akipiga simu kutoka Malaba nitamwambia napika.

Mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji ya kunywa, kuswali kwa wakati na kutomwamini kila mwenye boda boda anayekuita dada, hayo nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Siyarudii. Nataka kujibu lile swali uliloniuliza juzi, ambalo nililijibu vibaya.

Ulikuwa umesimama hapo mlangoni na ile blauzi nyeupe ya kuanzia kazi kwenye duka la dawa kule Jinja. Umeifua, umeianika, umeipiga pasi. Nikakuona unainusa. Ukanusa kola, ukanusa mikono, ukafumba macho ukanusa tena, halafu ukaniuliza taratibu, "Mama, hii harufu ya jikoni inatoka na nini?"

Nilijua swali hilo limetoka wapi. Shangazi yako wa Jinja alikuwa amemtumia baba yako sauti kwenye simu asubuhi ile, naye akakurushia, nawe ukaisikiliza ukidhani niko sokoni. Nilikuwa nyuma ya pazia nachagua karanga. Nilisikia kila neno. "Mtoto aje, kitanda iko. Lakini mwambie mama yake nguo afue vizuri, na ile miti yao ya moshi asitie ndani ya begi. Mimi nyumba yangu iko na wageni kila saa." Miti yao ya moshi! Malewa yetu, machipukizi ya mianzi yanayoshushwa kutoka mlimani yakiwa yamekaushwa kwa moshi, chakula ambacho watu wakishuka kwenye basi hapa Mbale wanakiulizia kabla hawajauliza choo kiko wapi, kwake yeye ni miti.

Basi wewe ukauliza kwa upole, nami nikakujibu, "Inatoka ukihama." Ukaikunja blauzi, ukaenda zako chumbani. Nilikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe ilikuwa ya mtu mwingine na ya miaka mingi, wewe ulipita tu mbele yake. Nisamehe.

Sasa nakujibu sawasawa, na jibu lenyewe ni kwamba harufu inatoka. Kuanzia hapa mpaka daraja la Jinja sidhani kama kuna mwanamke anayejua kuitoa kunishinda mimi. Ngoja nikueleze nilivyojua.

Nilipoolewa Jinja nilikuwa mdogo kuliko wewe. Tulikaa kwa wazazi wa baba yako, nyuma ya yale maduka ya zamani yenye baraza. Ilikuwa nyumba ya Waislamu wa mjini, watu wa mazulia na mapazia, na mimi nilikuwa nimetoka juu mlimani kwa mama yangu, Kukhu wako, ambako malewa yananing'inia juu ya mafiga mwaka mzima na hakuna anayeuliza moshi unakwenda wapi. Lugha yetu sote ikawa Kiswahili, maana baba yako ni Msoga na mimi ni Mgisu, na wapo waliotuambia tumechagua lugha ya askari, kwa kuwa huku Uganda wengi waliisikia kwanza kwa wanajeshi. Tukachagua hivyo hivyo. Ndiyo maana hata leo nakuandikia kwa lugha hii, na anayeona vibaya asisome.

Shangazi yako wakati huo alikuwa bado msichana. Wiki ile ile niliyoingia, akanipa jina. Akaniita Moshi. "Moshi, lete chai." "Moshi ameamka?" Wote wanacheka, na mimi nacheka nao, kwa sababu bibi harusi hana pengine pa kuuweka uso wake.

Siku moja mama mkwe akawa na kisomo nyumbani, na akina mama wa mtaa mzima walikuwa wanakuja. Mimi nikaachiwa jiko. Nikachoma ngege tangu asubuhi, wale wanene wa ziwani wenye mafuta, juu ya sigiri, mpaka nyumba yote ikajaa harufu ya samaki. Wageni wakaanza kubisha hodi. Nikaingiwa na hofu kweli kweli: leo nitaitwa Moshi mbele ya watu. Nikakumbuka chetezo cha mama mkwe na udi wake. Nikasema moyoni, naifunika harufu hii sasa hivi. Nikachota makaa mekundu, nikatia kwenye chetezo, nikatia udi, nikaingia nacho ukumbini kwa maringo.

Unajua desturi. Akina mama wakakipokea mmoja baada ya mwenzake, wakakiingiza chini ya mabuibui na kanga, wakajifukiza nguo, wakainama wakajifukiza nywele, wakashukuru. Sasa niulize makaa niliyatoa wapi. Niliyatoa chini ya wale ngege, Zaituni! Yalikuwa yamedondokewa mafuta ya samaki asubuhi nzima. Wale akina mama waliondoka kwenye kisomo wananuka samaki wa kuchoma aliyetiwa udi, na paka wa mtaa wakawasindikiza mpaka barabarani. Kesho yake mmoja akarudi na buibui lake mkononi. "Wewe bibi harusi, hii nguo yangu uliipika?"

Mama mkwe alikiosha chetezo mwenyewe, akakifungia kabatini. Shangazi yako ndiye aliyesema, na mpaka leo anaendelea.

Leo nacheka. Siku ile nililia ndani ya stoo ya mkaa mpaka nikapaka kanga yote masizi. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kufunika harufu kwa harufu nyingine, nawe usifanye. Zile pafyumu za kopo utakazoziona madukani Jinja, zenye picha ya maua, ni udi wangu juu ya ngege. Acha hela zako mfukoni.

Kinachotoa harufu ni hewa, jua, ndimu au siki, na mkaa, na vyote hivyo unavyo au unaweza kuviomba kwa jirani. Kabla hujawasha jiko, si baada, fungua dirisha na mlango unaotazamana nalo ili hewa ipite moja kwa moja. Ukisubiri mpaka umekwisha kukaanga, harufu imeshakaa kwenye pazia na inakuangalia tu. Pazia lenyewe lifunge fundo juu wakati unapika. Kichwa kifunge kitambaa cha jikoni, kisiwe kile unachotokea nacho nje, kwa sababu nywele zinashika harufu kuliko kitu kingine chochote mwilini.

Samaki ukimwosha, maji yake usiyamwage karibu na mlango, na mikono ianze na maji baridi. Maji ya moto yanaipikia harufu ndani ya ngozi. Halafu chukua majivu kidogo na ndimu uliyokwisha kuikamua, sugua vidole na chini ya kucha. Machicha ya kahawa pia ni mazuri, na sisi watu wa chini ya mlima wetu tukikosa kahawa tutakuwa tumekosa vyote. Yakaushe juani, yatie kwenye kisahani, yaweke kabatini. Vipande vya mkaa mkavu kwenye kopo lililotobolewa vinafanya kazi hiyo hiyo; ukiona vimechoka vitoe juani, vitarudi kazini. Ubao wa kukatia sugua kwa chumvi na ndimu. Sufuria ya samaki ikikataa kuachia, ichemshie maji yenye siki kidogo. Ukimaliza kupika kabisa, bandika maji na maganda ya limau na mchaichai, yachemke taratibu bila kifuniko wakati unafagia.

Na hata ukifanya yote hayo, nyumba itanuka kama utasahau kitambaa cha kufutia. Wanawake wengi wanasugua kuta na kulaumu samaki, kumbe mchawi ni kile kitambaa kibichi kilichokunjwa pembeni ya karai. Kichemshe, kianike juani, kesho ufanye tena. Blauzi yako nilipoitazama vizuri, kosa lilikuwa ni hilo: uliianika kwenye kamba ya jikoni. Nimeifua upya kwa maji ya siki, nimeianika nje upande wa jua. Iko juu kabisa ya begi. Inuse.

Hayo yote nilijifunza Jinja, kidogo kidogo, kwa kuuliza majirani na kwa kukosea. Nilijifunza mno, na hapo ndipo nilipoharibu. Maana nilipokwisha kumaliza sufuria, pazia na mikono, nikageukia chakula chenyewe. Malewa nikayaloweka usiku kucha kwenye maji ya ndimu, nikamwaga, nikaloweka tena, nikachemsha nikamwaga, mpaka moshi wote ukatoka. Nikayaunga kwa karanga nikamwekea baba yako mezani. Alikula kidogo akaniangalia.

"Leo umepika nini?"

"Malewa."

"Haya si malewa," akasema. "Hii ni karanga iko na nyuzi."

Ningesikia pale pale, lakini sikusikia. Niliona nimeshinda, maana jirani hakunusa kitu na shangazi yako hakupata la kusema.

Halafu ukazaliwa wewe. Kukhu akatuma habari kwamba anashuka kukuona na analeta malewa mapya, mzigo mzima, na chupa ya yale maji ya majivu ya maganda ya maharage tunayopikia. Nami, Mungu anisamehe, nikamtuma mwanamke mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anarudi Mbale. Nikamwambia, mwambie mama aje, lakini mzigo auache. Nyumba hii haiwezi moshi.

Akaja. Mikono mitupu, mama yangu, mtu ambaye hakuwahi kwenda hata kwa adui yake bila kitu mkononi. Amevaa gomesi yake ya sherehe, imenyooka, mshipi umefungwa vizuri. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Nikamwambia asogee ndani, akakataa. Nikakuleta kwake ukiwa umefungwa kwenye shali nyeupe aliyoinunua shangazi yako, nikakusogeza akupakate. Akarudisha mikono nyuma.

"Hapana," akasema. "Nitamwachia harufu."

Nikamwambia, mama, hakuna harufu. Ndipo akaniambia, tena kwa furaha kidogo, kama mtu aliyefanya kazi nzuri na anangoja asifiwe, kwamba gomesi ile aliipeleka mapema kwa jirani yake mwenye chumba kisichopikiwa, ikakaa huko isishike moshi. Naye mwenyewe alilala huko. Na mikono aliisugua kwa majivu na ndimu. Nikaiangalia ile mikono. Ilikuwa imepasuka. Akanisogezea shingo yake, mama yangu, mbele ya mama mkwe na shangazi yako, akasema kwa sauti ndogo, "Ninuse. Niko sawa?"

Nikamnusa. Nikamwambia, "Uko sawa, mama."

Basi. Hilo ndilo jambo ninalolijutia katika maisha yangu, si wale ngege. Nilitakiwa kumwambia aingie na moshi wake wote, nikuweke kifuani kwake, na anayeumwa pua akae nje. Nilimnusa mama yangu kama mtu anavyonusa maziwa akiogopa yameharibika, nikampa ruhusa. Na hata baada ya ruhusa hakukupakata. Alikugusa mguu kwa kidole kimoja, akanywa chai, akaondoka.

Tulipohamia hapa Nabuyonga, siku ya kwanza kabisa nilipanda mlimani na wewe mgongoni, nikaingia jikoni kwake, nikakuweka mapajani mwake karibu na mafiga, moto ukiwaka. Ulipiga chafya. Alicheka mpaka machozi. Unakumbuka ulivyokuwa unang'ang'ania kulala jikoni kwake kila likizo, ukirudi shuleni unanuka malewa mpaka kwenye kurasa za vitabu. Hakuna aliyekufa. Nilirudi hapa nikafungua hoteli, na malewa yangu nayapika na moshi wake mzima, na hao wanaojaza benchi hili hawaji kwa ajili ya sura yangu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hulijui. Ulipoingia chumbani na blauzi yako juzi, mimi nilitoa gomesi yangu sandukuni, ile ya zambarau nitakayovaa nikikusindikiza. Nikaifua, nikainusa, nikaipeleka kwa Mama Njeri. Unamjua Mkenya yule, akikuangalia unaona anakupigia hesabu, na jikoni kwake anatumia gesi. Nikamwambia, naomba itundikwe kwako mpaka siku ya safari. Akaniangalia.

"Kwani hiyo nguo imekosea nini?" akaniuliza.

Niliiacha pale nikarudi nyumbani, na njia nzima nikawa namwona Kukhu na kile kidole kimoja. Mimi binti yake, mwanamke mzima mwenye hoteli yake, nimerudia yale yale hatua kwa hatua, na hakuna hata aliyeniomba. Wewe hukuniomba. Uliuliza tu harufu inatoka na nini.

Kwa hiyo nasema neno hili, na nataka ulisikie vizuri. Safisha nyumba yako kwa sababu wewe mwenyewe unapenda kulala mahali pasafi. Fungua madirisha, toboa kopo la mkaa, chemsha limau, suuza vitambaa, uingie kazini unanukia sabuni, dawa ziuzwe. Lakini mtu asikuambie utoe moshi kwenye malewa. Mtu asikuambie unuswe mlangoni kabla hujaingia. Na siku utakapopata chumba chako mwenyewe, akija mtu wako yeyote kutoka huku na mzigo wake, mzigo uingie kwanza.

Chini kabisa ya begi lako, chini ya shuka, nimeweka malewa na chupa ya maji ya majivu. Nimeyafunga kwa jani la mgomba, halafu karatasi, halafu mfuko. Shuka haitanuka, kazi hiyo naijua. Shangazi yako ana jiko la nje upande wa nyuma. Yapike Jumamosi.

Gomesi nimeichukua kwa Mama Njeri leo mchana. Alinipa pamoja na hanga yake. Iko hapa mbele yangu sasa hivi, nimeitundika juu ya mafiga, pembeni ya malewa, na kuni nimezitia mbichi makusudi. Moshi unaiingia vizuri. Wewe ukirudi utadhani nimechanganyikiwa, ndiyo maana nimeandika.

Kesho kwenye teksi, katikati ya abiria wengine, nitakaa dirishani. Kiti cha pembeni yangu nitakishikia kwa mkoba wangu. Ukitaka kukaa kingine sitakasirika, nitajua tu.

Tukifika Jinja, shangazi yako akifungua mlango, nitamsalimia kwa heshima zote, maana ni wifi yangu na anakupa kitanda. Halafu nitamkumbatia. Nitamkumbatia sana, bega kwa bega, shavu kwa shavu, mpaka wageni wake wote waone tunavyopendana. Jioni akikuuliza inatoka na nini, wewe umeshajua. Mwambie ukipenda.

Ni mimi mama yako,

Moshi